Kopo la Rangi Nyekundu

Jumatatu, 1 Julai

Daftari hili nimepewa leo na msichana wa chuo ambaye miwani yake ni mikubwa kuliko uso wake. Nilimkuta mezani anaandika, anaandika, chai inapoa. Nikamwambia, "Wewe, unamwandikia nani barua ndefu hivyo?" Akasema si barua, ni daftari la kazi. Kila mwanafunzi lazima aandike alichokiona siku hiyo, asipoandika anafeli. Nikamwambia mimi nimeona mengi kwenye machimbo haya miaka arobaini, sikuandika hata moja na sijafeli.

Akacheka. Akatoa kwenye begi daftari jipya la jalada gumu, na penseli. "Basi anza leo, Bibi. Hata mstari mmoja kwa siku. Ila sheria ni hii: ukikosea hufuti. Unapitisha mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke."

Nikamwuliza ni sheria ya wapi hiyo ya kutunza makosa. Akasema ya watu wa mawe.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini mwandiko wangu unasomeka. Hilo liandikwe la kwanza.

Jumanne, 2 Julai

Wako kumi na wawili na mwalimu wao. Wanasoma jiolojia. Watakaa wiki sita kwenye mabweni ya wachimbaji wa zamani, wapime ukuta wa machimbo na kuchora ramani yake. Machimbo yamefungwa mwaka wa kumi na moja sasa. Mimi na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, tumepewa kazi ya kuwapikia. Jiko ni lile lile, moshi ule ule.

Mwalimu wao wanamwita Daktari. Wifi akakimbilia kumweleza goti lake. Akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema yeye si daktari wa watu, ni wa mawe. Wifi hasikii vizuri tangu enzi za baruti, kwa hiyo akidhani ananong'ona bonde zima linajua. Akaniambia, "Basi mawe ya hapa yana bahati. Yenyewe yanatibiwa, sisi tunachechemea."

Alhamisi, 4 Julai

Ukungu. Maharage hayaivi kwa kuni mbichi.

Jumamosi, 6 Julai

Msichana wa miwani ndiye kiongozi wa kundi la watu wanne. Ninamwita Miwani, anaitika. Kwenye kundi lake kuna kijana mmoja ana mdomo usiofungwa, anaanza kuongea akiwa bado kwenye kona ya bweni. Huyo nimempa jina Kipaza. Leo alisimama mlangoni pa jiko, wenzake wameshamaliza kula.

"Bibi, ukoko wa wali upo?"

"Ukoko una mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye mimi. Nimekuja kuposa."

"Mposaji mikono michafu namna hiyo."

"Hili ni vumbi la miaka milioni mia tatu, Bibi. Ni uchafu wa heshima."

Nilimpa, aondoke. Sipendi vijana wa maneno mengi. Mume wangu alikuwa akikaa wiki nzima na maneno kumi.

Jumanne, 9 Julai

Kopo lao la rangi limemwagika ndani ya gari. Wanahitaji rangi ya kuandika namba ukutani, kila wanapopima wanaweka namba na kupaita kituo. Kipaza na Miwani wakaja kuniuliza kama ninayo yoyote.

Ninayo. Iko kwenye banda, kopo kubwa la nyekundu lililobaki siku machimbo yalipofungwa. Ilikuwa ya mume wangu. Kazi yake ilikuwa kugonga ukuta. Kila asubuhi, kabla mchimbaji mwingine hajakanyaga, anapanda na mtaimbo, anagonga jiwe, anasikiliza. Jiwe zima linalia kama kengele. Jiwe lililoachana na mlima linatoa sauti ya ngoma. Penye sauti ya ngoma alichora msalaba mwekundu, na chini ya msalaba hapapiti mtu wala hapapumziki mtu, hata kivuli kiwe kitamu vipi. Miaka ishirini na sita hakufa mtu chini ya ukuta wake. Kifua ndicho kilimmaliza, kitandani, nikimshika.

Hayo yote hawakuniuliza. Walisema asante, wakaondoka na kopo. Nilifurahi, kusema kweli. Nilijiambia rangi yake imerudi kazini.

Ijumaa, 12 Julai

Nusu gunia la viazi limeoza. Aliyelipokea bila kufungua ni wifi.

Jumatatu, 15 Julai

Leo nimepandwa na hasira.

Niliwapelekea chakula cha mchana machimboni, kwa sababu gari lao limeharibika. Sijafika chini ya ukuta ule tangu nimzike mume wangu. Nikainua macho. Misalaba yake, ile iliyokuwa imefifia hata huioni, yote imepakwa upya, inang'aa kama jeraha. Chini ya kila msalaba wameandika namba. Kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba.

Nikamwuliza Daktari, mbele ya wanafunzi, nani amewapa ruhusa. Akasema kwa upole wa kumwambia mtoto, "Mama, hizi ni alama za wapimaji wa zamani. Tunazitumia tena kama vituo, ili vipimo vyetu vilingane na vyao."

Nikamwambia, "Wapimaji gani? Hiyo ni kazi ya mume wangu mnayoichezea."

Nilikuwa bado na maneno. Akanikata. Akasema, "Mama, tufanye hivi. Wewe tuachie sisi mawe, na sisi tutakuachia wewe sufuria."

Wakacheka. Aliyecheka zaidi ni Kipaza, sauti yake ilirudi kutoka ukutani mara mbili. Miwani hakucheka, aliinama akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imeshafungwa.

Nikaweka chakula chini, nikageuka. Sikusema msalaba ni wa nini. Kama wana elimu ya miaka milioni mia tatu, ya juzi na wajue wenyewe.

Jumanne, 16 Julai

Nimepika. Sikuongea na mtu.

Jumatano, 17 Julai

Vivyo hivyo.

Ijumaa, 19 Julai

Wifi anasema nimevimba kama chura. Nikamwambia kaka yake ametukanwa. Akauliza, "Wamemtukana wakasema nini?" Nilipomweleza akasema, "Mwambie yule mwalimu misalaba ni nini, basi." Nikamwambia aende yeye. Akasema yeye hasikii, atajibiwa asisikie. Tukaendelea kuchambua maharage.

Jumamosi, 20 Julai

Mvua. Mwezi huu kwa kawaida hainyeshi.

Jumapili, 21 Julai

Mvua tena. Wanafunzi wamejifungia wanachora. Bati la jiko linavuja juu ya meza ya mkate.

Jumatatu, 22 Julai

Mvua siku ya tatu. Kipaza alikuja mwenyewe, akavuta ndoo, akaanza kumenya viazi bila kuitwa. Anamenya vibaya, nusu ya kiazi inakwenda na ganda. Baada ya muda akasema, "Bibi, siku ile nilicheka vibaya."

Nikaongeza kuni. Akaendelea kumenya. Akamaliza ndoo nzima, akanawa, akasimama pale mlangoni anaangalia sufuria ya wali. Nikaukwangua ukoko wote, nikautupia kuku, yeye anaona.

Akasema, "Sawa, Bibi." Akaondoka bila kelele. Sikujua ana mwendo wa kimya.

Jumatano, 24 Julai

Mvua imekatika. Jua kali, ardhi inatoa mvuke.

Miwani alikuja jikoni na daftari lake. Akasema, "Bibi, kesho tunarudi ukutani, tumebakiza kituo cha kumi na saba. Ule msalaba ulikuwa wa nini hasa? Siku ile hukumaliza."

Nikamwambia, "Muulize daktari wako. Mimi ni wa sufuria."

"Nimemuuliza. Amesema ni wapimaji. Ila wapimaji hawawezi kuweka alama mahali pagumu kufika namna ile, halafu penye wepesi pasiwe na kitu. Haileti maana. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Nilikuwa nakoroga uji. Nikaendelea kukoroga. Nikamwambia anisogezee chumvi, kisha atoke, ana matope viatuni.

Akaandika kitu kwenye daftari lake akiwa amesimama, akatoka.

Alhamisi, 25 Julai

Kipaza amekufa.

Nitaandika nilivyoona, kama walivyofundishwa wao.

Saa tano asubuhi nilikuwa napepeta mchele. Wifi, ambaye hasikii mlango ukigongwa, ndiye aliyejua kwanza. Aliacha kisu, akatazama miguu yake. Akasema, "Ukuta umeshuka." Mimi nilisikia baada yake, sauti ya kitu kizito kinachoketi. Kisha vumbi likapanda juu ya miti, jeupe, ingawa ardhi yote ilikuwa mbichi. Ndani ya mwamba hapalowi, palikuwa pakavu kama siku ulipoumbwa.

Nilikimbia. Sijakimbia miaka ishirini. Nilipofika wanafunzi walikuwa wanachimba kwa mikono na kwa vile vinyundo vyao vya kuvunjia sampuli. Daktari alikuwa juu ya rundo anainua mawe ambayo mtu mmoja hainui, anayainua, analia akiita jina la kijana. Kucha zimemtoka. Nimeandika mabaya juu yake, na hili nalo niliandike.

Miwani alikuwa amesimama mbali kidogo, hatua thelathini, ubao wa kuchorea kifuani. Alikuwa ametumwa na kazi yake arudi nyuma auchore ukuta mzima. Wawili wengine walikuwa upande wa pili wanashika utepe wa kupimia. Kipaza alikuwa amemaliza kupima. Jua lilikuwa kali, akatafuta kivuli. Kivuli kilikuwa pale chini ya namba kumi na saba. Akakaa, akavua begi, akatoa mkate. Miwani anasema alikuwa anamwambia kitu cha kuchekesha, kwa sauti ile yake, na sentensi ikakatika katikati.

Tulimfikia saa nane. Kofia ngumu ilikuwa kichwani nzima kabisa, haina hata ufa. Kifua ndicho.

Jiwe lililoshuka lilikuwa na ukubwa wa jiko langu. Upande mmoja wa msalaba ulikuwa juu yake, na upande mwingine umebaki ukutani.

Ijumaa, 26 Julai

Nimepika uji, haukunywewa. Wamemchukua kwa gari la hospitali.

Watakuja wakaguzi kutoka chuoni. Wifi ameniuliza nitawaambia nini. Hapa naandika, ili nikisahau nikumbuke: mimi ni mpishi. Sikuulizwa kitu na mtu yeyote.

Jumamosi, 27 Julai

Hakuna.

Jumatatu, 29 Julai

Mama yake Kipaza amekuja kupaona mahali. Nilitegemea mwanamke mkubwa, wa sauti. Ni mdogo, wa kimya, amevaa viatu vya mjini ambavyo havikumfaa kwenye kokoto. Walimwonyesha rundo kutoka mbali, hawakumruhusu kusogea. Kisha akaja jikoni, akakaa kwenye lile gogo lililo karibu na ndoo ya viazi. Hakujua nani alikaa hapo wiki iliyopita.

Akaniuliza, "Shikamoo. Wewe ndiye Bibi wa jikoni?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Aliniambia habari zako kwenye simu. Alisema unamgombeza kama mimi." Akavua kiatu kimoja, akakung'uta kokoto. "Alikuwa anakula?"

"Alikuwa anakula."

"Mtoto yule alikuwa anapenda ukoko. Nyumbani tulikuwa tunagombana naye, anaikwangua sufuria hadi inatoboka. Ulikuwa unampa?"

Nimezaa watoto sita, nimezika wawili na mume. Nimebeba mawe kichwani nikiwa na mimba. Hakuna siku niliyoulizwa swali nikakosa pa kuweka macho, ila leo.

Nikamwambia, "Nilimpa."

Akasema, "Asante, mama." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mara moja nilimpa, ndiyo. Mara ya mwisho niliwapa kuku.

Jumatano, 31 Julai

Wakaguzi ni wawili, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wenye mafaili. Wamekaa kwenye meza ya kulia, kwa hiyo yote wanayosema yanaingia jikoni kupitia dirisha la kutolea chakula. Sikujificha. Nilikuwa naosha sahani zilizokuwa safi.

Daktari aliulizwa kama kuna mtu aliyemwonya juu ya ukuta. Akasema hapana. Ni kweli, hakuna. Akaulizwa nani aliamua kundi lile lirudi ukutani baada ya mvua ya siku tatu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ratiba ya kila siku ilikuwa mikononi mwa kiongozi wa kundi. Kiongozi ndiye Miwani. Ratiba hiyo aliitia saini yeye Daktari, niliiona imebandikwa mlangoni mwa bweni hadi Alhamisi. Sasa haipo.

Wakamwita Miwani. Amekonda kwa siku sita kuliko mgonjwa wa mwezi.

Yule mwanamke akamwambia, "Kwenye daftari lako, tarehe ishirini na nne, kuna mstari umefutwa kwa kifutio. Mnafundishwa kutofuta. Ulikuwa umeandika nini?"

"Sikumbuki."

"Karatasi imechubuka. Ulifuta kwa nguvu."

"Nilikosea hesabu."

"Ulikuwa na wasiwasi wowote kuhusu kituo cha kumi na saba?"

"Hapana."

"Ulimwuliza mtu yeyote?"

Hapo akainua macho. Dirisha la chakula liko mbele yake. Tulitazamana, mimi na sahani yangu mkononi. Akasema, "Sikumwuliza mtu. Kosa ni langu."

Yule mwanamume akaandika. Akamwambia ajiandae, kuficha maandishi baada ya kifo ni jambo la kumfukuzisha mtu chuo, na huenda likafika polisi. Akasema anaelewa.

Baadaye nilimkuta nyuma ya bweni, kwenye kamba ya nguo. Nikamwuliza, "Uliandika nini pale?"

"Acha tu, Bibi."

"Nimekuuliza, nijibu. Uliandika nini?"

Akasema, "Niliandika: Msalaba 17, Bibi anajua, kesho nimwulize tena kabla hatujapanda." Akavuta pumzi. "Asubuhi tulichelewa. Sikupita jikoni. Nilihofia utanigombeza."

Nikasema, "Ukafuta kwa nini?"

"Wangekuja kwako. Na wewe umeshachekwa vya kutosha."

Alikuwa ananihurumia. Mtoto wa miaka ishirini na moja, anafukuzwa shule, ananihurumia mimi. Mume wangu angeona, angeona aibu ya mke aliyemwacha hapa duniani.

Alhamisi, 1 Agosti

Asubuhi nilichukua mtaimbo bandani. Wifi akanifuata, nikamwambia rudi, akajifanya hajasikia, na safari hii nadhani alisikia. Tulipita upande ule wa ukuta ambao haujashuka. Nilinyoosha mtaimbo kwa mbali, nikagonga kama nilivyomwona akigonga. Kumi na sita, ngoma. Kumi na tano, ngoma. Kumi na nne, ngoma, na vumbi kidogo likamwagika. Wifi aliweka kiganja kwenye mwamba, akatikisa kichwa, akakitoa. Hakukosea hata mmoja, marehemu. Miaka kumi na moja imepita na kazi yake bado inasema kweli. Mwenye kuiziba mdomo ni mimi.

Wifi akaniambia, kwa sauti ya bonde zima, "Kaka yangu alichora ili mtu yeyote aone. Hakusema waonyeshwe wanaokuheshimu wewe peke yao."

Hakungoja jibu, akashika njia ya kurudi.

Ijumaa, 2 Agosti

Saa nne asubuhi. Wakaguzi wapo mezani wanamalizia chai, gari lao limewashwa. Miwani amekaa juu ya begi lake nje, anangoja kupelekwa.

Nimelisoma daftari hili tangu mwanzo. Nilitaka kuchana kurasa mbili, ya kopo na ya chumvi. Nimeziacha. Pale tarehe ishirini na sita nilipoandika kwamba sikuulizwa, nimepitisha mstari mmoja. Unasomeka.

Kwa hiyo ninyi wenye mafaili, someni hivi. Msalaba maana yake ni jiwe lisiloshika. Kila mchimbaji wa hapa alijua. Rangi niliwapa mimi, kwa mkono wangu. Mwalimu wao alinikata neno, lakini ulimi haukukatika, nilikuwa nao siku tisa zaidi. Msichana aliniuliza tarehe ishirini na nne, jikoni, waziwazi, na nilikuwa na jibu, nikamwagiza chumvi. Ya Daktari aandike Daktari. Ratiba mwulizeni iko wapi.

Msichana hana kosa, ila hilo la kufuta, na alilifuta kwa ajili yangu.

Na mama yake kijana, nipeni anwani yake. Kuna jambo nilimjibu nusu.

Nalifunga sasa nikaliweke mezani. Yule mwanamke ameshasimama, anatafuta mkoba wake.